Mgongo wa Kiyoyozi

4 Februari

Mdogo wangu,

U hali gani? Mimi mzima, ila naiva. Tangu tugombanie kitanda cha marehemu mama, ukakibeba wewe, tumeapa kutosemezana. Kiapo nakiheshimu, ndiyo maana naandika, ingawa kikohozi chako nakisikia nikiwa hapa nilipolala.

Hicho kiyoyozi chako kimekupa wewe uso, mimi kimenipa mgongo. Wewe unagandishwa kama samaki wa kuuza, joto lako lote linatemwa dirishani kwangu. Mtu mzima unajifunika blanketi mwezi wa jua kali, halafu unajiita msomi. Geuza hilo dude.

Kaka yako, kwa bahati mbaya

9 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumai afya ni njema. Fundi amesema ukuta ule ndio pekee unaofaa. Na ukuta ni wangu. Funga dirisha.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Dirisha sifungi. Ukuta wako, sawa, upepo hukuutaja. Nimefunga kamba mbele ya dude lako, na shuka mbichi inakauka kabla sijafuta mikono. Majirani nao wameleta za kwao. Kaptula yangu ya viraka nimeipa nafasi ya heshima, katikati.

Kaka yako

2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Shemeji hajambo? Kiyoyozi kinanguruma usiku kucha na chumba hakipoi. Umeme nikinunua leo, kesho umekwisha. Fundi amekuja, akacheka mpaka akakaa chini: joto halina pa kutokea, mashine inapumulia ndani ya kaptula yako. Nakuomba uianue.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako hajambo, anakucheka. Dude limenyamaza wiki nzima, nguo zangu zinanuka uvundo. Nimechungulia mlangoni: umelala sakafuni, unajipepea na kifuniko cha sufuria. Msomi. Dirisha lako la pili ulimwacha fundi alizibe kwa matofali, ati baridi isitoroke. Kwangu madirisha yanatazamana, upepo unapita bure.

Njoo ulale huku. Ila kitanda cha mgeni sina. Uje na cha mama.

Kaka yako

20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kitanda hakitoki mlangoni bila watu wawili.

Mdogo wako

20 Machi, jioni

Marahaba. Nakuja. Mimi nashika kichwani, wewe miguuni, ndiko saizi yako. Tukikwama mlangoni usiniambie neno. Kohoa tu.

Kaka