Orodha ya Nyumba Tisa

Sepuka, Singida
10 Mei 2021

Kwako kaka yangu mpendwa Gervas,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo nyingi kutoka kwa mdogo wako. Kwanza kabisa naomba kujua kifua chako kinaendeleaje. Wifi aliniambia kwamba sasa unatembea mpaka stesheni na kurudi bila kupumzika njiani, nikafurahi mpaka nikakaa chini. Tafadhali usijifanye shujaa. Mabehewa yalikuwapo kabla yako na yatakungoja upone. Watoto wape salamu za shangazi yao. Sisi huku tunaendelea vizuri. Alizeti zimeshainamisha vichwa, tunangoja zikauke tuzikate, na uwele mwaka huu ndege wametuachia wa kutosha.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Lakini kaka, tangu uliponipigia ukasema Baba Mkubwa Antipasi asikanyage uwanja wetu siku ya misa ya arobaini ya baba, nimejaribu mara tatu kukueleza, na mara tatu umekuwa mkali mpaka nikasingizia mtandao. Barua huwezi kuikatiza. Nimempa Jenipher, binti wa mzee Mazengo, anayekuja huko Itigi kwa mumewe, nikamwapisha akukabidhi mkononi. Isome ukiwa umekaa. Ukifika mwisho ndipo ukasirike.

Katika ukali wako wote uliniuliza swali moja la haki. Uliuliza ilikuwaje baba yetu akafia kitandani kwa ndugu ambaye hawakuwa wakisemeshana kwa miaka kumi na moja. Wewe ulikuwa umelala na homa yako, hukuweza kuja hata kuzika, na kila aliyekupigia simu alikusimulia kipande chake tu. Mimi nilikuwapo tangu mwanzo.

Ilianza mwezi wa pili. Ndani ya wiki mbili tulizika watu watatu wa kwaya ya kigango, wote kwa ile shida ya kupumua. Hakuna aliyetufungia kanisa. Katekista Emilian na wazee wenyewe walikaa, wakaongea asubuhi nzima, wakaamua kwamba mpaka Pasaka ipite kila jumuiya isali nyumbani. Nilipita pale nikaona mlango umefungwa kwa kamba ya katani. Ni kamba tu ya kufungia gunia, lakini niliona uchungu nisioweza kukueleza.

Emilian ndiye aliyepata wazo. Alitunga wimbo wa beti tisa, kwa kuwa jumuiya yetu ni nyumba tisa. Kila Jumapili saa tatu asubuhi nyumba ya kwanza ingesimama uwanjani kwake, iimbe ubeti wake, kisha mwenye nyumba aite kwa sauti jina la mwenye nyumba inayofuata, amwambie apokee. Huyo naye angeimba na kumwita mwingine, hivyo hivyo mpaka ya tisa. Baada ya hapo kila nyumba ingesoma masomo ya siku na kusali yenyewe. Orodha ikaandikwa, ikapelekwa nyumba kwa nyumba.

Kaka, laiti ungesikia. Jumapili zile za Kwaresima kulikuwa na ukungu asubuhi, na alizeti zilikuwa zimechanua, njano tupu mpaka kwenye miguu ya yale majabali. Njiani hakuna baiskeli, hakuna mtu aliyevaa viatu vya kanisani. Halafu kwa mbali, kutoka kwa Febronia, nyumba ya kwanza, sauti ya mama na watoto wake inaanza. Haina haraka. Inagonga mawe na kurudi, huwezi kusema inatoka upande gani. Inakwisha, jina linaitwa, kimya kidogo, kisha nyingine inaanza karibu zaidi. Nilikuwa nikifumba macho nauona wimbo ukitembea juu ya mashamba bila kulowa umande, unaingia uwanja huu, unatoka uwanja ule, unatafuta watu wake. Sikujua kama niko macho ama nimelala wima. Hata sasa nikiwa kisimani wakati mwingine nausikia, nageuka, naona ng'ombe wa watu tu. Mama Sikudhani, jirani yetu, alisema yeye ni Mwislamu lakini wimbo unapita juu ya paa lake, kwa hiyo na yeye ana sehemu yake. Akawa anamfunga mbwa wake saa tatu kasorobo asije akamharibia Mungu ibada.

Taabu ilikuwa nyumba ya tano na nyumba ya sita. Ya tano ni ya Baba Mkubwa. Ya sita ni yetu.

Yale ya mizinga unayajua. Moto wa kusafishia shamba la Baba Mkubwa ulitambaa ukafika kwenye miti ya baba, mizinga sita ikaungua na nyuki wake. Baba akasema mbele za watu kwamba kaka yake amefanya makusudi. Baba Mkubwa naye akajibu maneno ambayo hayarudiwi. Tangu siku ile walisali kanisa moja, mmoja benchi la mbele kulia, mwingine la nyuma kushoto, na wakati wa kupeana amani kila mmoja alimpa amani mtu wa mbali na mwenzake.

Sasa orodha ikamtaka Baba Mkubwa amwite baba kwa jina, kijiji kizima kikisikia. Jumapili ya kwanza aliimba ubeti wake vizuri sana, unaijua ile sauti, kisha akanyamaza. Baba alikuwa amesimama pembeni ya zizi, kofia mkononi. Hakuitwa, naye hakupokea. Huko bondeni nyumba tatu zikangoja na kungoja, mpaka Mama Sikudhani akapaza sauti kuuliza kama Wakristo wamesinzia. Nilicheka nikajificha jikoni. Baba akaingia ndani amenuna, na siku ile wimbo ukaishia nyumba ya tano.

Jumapili ya pili Baba Mkubwa alimaliza ubeti, akakohoa, akasema apokee yule wa pale chini. Hakutaja jina, yule wa pale chini tu. Baba alinung'unika kwamba yeye si mbuzi wa kuitwa hivyo, lakini akaimba. Aliimba kwa hasira, kaka, na aliimba vizuri kupita siku zote nilizomsikia. Ya tatu ikawa apokee mtoto wa mama yangu. Siku hiyo baba hakunung'unika. Jumapili ya nne, mvua ndogo ikinyesha, tukasikia jina lake lenyewe, Calist, limetamkwa polepole na mtu aliyekaa miaka kumi na moja bila kulitia mdomoni. Baba alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Ubeti ule karibu umshinde. Mchana alikula ugali na mlenda, na jioni akaniuliza kama mtu anaweza kuanza tena kufuga nyuki katika umri wake.

Jumapili ya tano ilikuwa ya Matawi. Wimbo ukaja kutoka kwa Febronia, ukapita nyumba zake, ukafika kwa mzee Mazengo, naye akamwita Antipasi apokee. Kimya. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, na sauti yake ikabadilika. Baba alikuwa ametega sikio kwa kiganja. Nilimwona anahesabu miito. Halafu akachukua koti. Nikamwambia angoje kwanza tumtume mtu mwenye nguvu, au nimpigie Emilian. Akaniambia kwamba anayeitwa ni kaka yake, na akapanda kuelekea kwenye mawe. Nilimkimbilia na barakoa. Akaiweka mfukoni.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Nilikuwa nimeshika tawi langu, alizeti zimetulia, hakuna hata jogoo. Kisha wimbo ukatoka nyumba ya tano. Ulikuwa ubeti wa Baba Mkubwa lakini sauti ilikuwa ya baba. Aliuimba wote, na mwisho akaniita mimi kwa jina nipokee. Nikapokea. Niliimba ubeti wa nyumba yetu peke yangu, na nyumba ya saba ikapokea, na wimbo ukaenda zake bondeni.

Alimkuta Baba Mkubwa sakafuni ndani ya lile tembe, anawaka homa, pumzi inakwaruza. Unajua tangu mama mkubwa afariki anaishi mwenyewe. Baba hakurudi nyumbani. Alimfukiza kwa majani ya mkaratusi, akamnywesha uji kwa kijiko, akamgeuza usiku na mchana. Mganga wa zahanati alikuja mara mbili, akatuacha na vidonge, akasema wengine tukae mbali. Mimi nilipeleka chakula, nakiweka juu ya jiwe nje ya uzio na kurudi nyuma, ndipo baba anatoka kukichukua. Baada ya siku nne nikaanza kusikia kicheko mle ndani. Siku moja walikuwa wanabishana kwa Kinyaturu nani alimwangusha mwenzake kwenye mti utotoni. Baba alitoka kuchukua sufuria akiwa bado anacheka. Alinieleza, amesimama ng'ambo ya uzio, kwamba Baba Mkubwa amekiri kuwa siku ile ya moto aliuona upepo na bado akawasha, na yeye baba amekiri kuwa hakuwa amefyeka majani chini ya mizinga yake. Akasema jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo.

Siku ya Pasaka sauti mbili zilitoka nyumba ya tano, moja imechakaa kabisa, nyingine imeibeba. Nakwambia kaka, Mama Sikudhani alikuja mpaka kwenye uzio wetu anafuta machozi, akasema leo mmeimba.

Jumanne baba akaanza kukohoa. Alikataa kuletwa nyumbani ili asiniambukize. Baba Mkubwa alimlaza kitandani kwake, akalala yeye chini, akamfanyia yale yote aliyofanyiwa, na hayakutosha. Alhamisi ya wiki iliyofuata tulimpoteza. Siku ya maziko Baba Mkubwa alishikwa mikono na watu wawili mpaka kaburini. Tangu siku hiyo hajaimba.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Sasa nisikilize, maana lile ninaloliogopa ndilo hili.

Mimi ni katibu wa jumuiya. Emilian alinipa mpangilio wa nyumba kwenye kipande cha karatasi, akanituma niunakili mara tisa. Aliupanga kwa ujirani, isipokuwa Baba Mkubwa. Kutoka kwa mzee Mazengo wimbo ulikuwa unakuja moja kwa moja kwetu, na Baba Mkubwa alikuwa wa tisa, wa mwisho, aimbe amalize bila kumwita mtu yeyote. Nilikaa mezani na zile karatasi tisa, nikaandika nilivyotaka mimi. Nilikuwa nimechoka, Gervas. Nilichoka kuzungukia kisimani ili nisionekane nikimwamkia baba yangu mkubwa. Emilian aligundua Jumapili ileile ya kwanza. Aliniambia tu kwamba mwandiko wangu ni mzuri.

Siku moja pale kwenye uzio baba aliniuliza nani alipanga nyumba zifuatane vile. Nikamwambia ni katekista. Akasema nimpelekee salamu, kwamba yule ni mtu mwenye akili. Amekufa akijua hivyo, na mimi nilikuwa na siku kumi za kumwambia ukweli.

Ningeiandika kama nilivyoagizwa, kimya cha Baba Mkubwa kingekuja mwisho wa wimbo, wakati kila mtu ameshaingia ndani kunywa chai. Hakuna ambaye angekingoja. Tungemkuta amekufa siku mbili baadaye, na baba leo angekuwa hapa anapaka nta mizinga mipya. Nimepima upande huu na upande ule mpaka kichwa kinauma. Nimejaribu kujuta, kaka. Kifo nakijutia kila ninapoamka. Orodha nimeshindwa kuijutia. Ukinipa karatasi tisa leo, nitaandika vilevile, na hilo ndilo linalonitisha.

Baba Mkubwa hajui. Kesho asubuhi nakwenda kumwambia, kwa hiyo barua hii ikikufikia atakuwa amejua. Wewe ndiye mkubwa wetu sasa na neno lako litafuatwa, sitalipinga mbele za watu. Lakini kama siku ya Jumanne tarehe ishirini na tano ni lazima mtu mmoja akae nje ya uwanja wa baba, basi mweke ndani yule aliyelala chini akampisha kitanda. Nje nitakaa mimi.

Mama Sikudhani anakusalimu, ameahidi kuja kupika siku hiyo. Emilian naye anakusalimu. Wifi mwambie vitenge vilifika salama. Usisafiri kama pumzi bado inakusumbua, ila kama unaweza, njoo. Mungu akutunze.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Marietha Calist