Chura Anayetazama Stesheni

Kaka yangu Bohouš,

Huko Kanada bado mnaganda? Sisi wazima, mabata bukini wamenona, na kijiji chetu cha Žabov hatimaye kina ngao yake, nembo rasmi kabisa!

Unakumbuka wale wa ng'ambo ya kijito walivyotulilia "kwaa, kwaa" kila tulipopita, kwa kuwa kwa lugha yetu žaba ni chura? Kwa aibu hiyo diwani alitaka tuchorewe simba. Mtaalamu wa ngao akacheka. Kumbe jina halikutoka bwawani. Mwanzilishi wa kijiji ndiye aliyebandikwa jina la Chura, kwa mdomo wake mkubwa. Ukumbi mzima wa mkutano ukamgeukia baba yetu, na mdomo wake mkubwa vile vile!

Naye, ambaye hajapaza sauti tangu wewe na yeye mlipogombana kwenye mazishi ya mama, akasimama.

"Simba wa nini, we diwani? Umemwona wapi hapa? Wekeni chura, tena mdomo wazi!"

Tulicheka mpaka bia zikamwagika.

Mtaalamu akasema kwa desturi mnyama wa ngao hutazama upande mmoja tu, na kwenye ukuta wa ofisi yetu huo ni upande wa kanisani. Baba akakataa katakata.

"Huyu atatazama njia ya stesheni."

"Kwa nini, mzee?"

"We chora tu."

Jana tuliitundika ngao, kijiji kizima tukilia "kwaa" kwa fahari. Jioni nilimkuta baba chini ya ngao, akitazama kule kule anakotazama chura. Jina lako hakulitaja.

"Treni imeshapita, baba. Twende tukale."

"Haya," akasema. "Kesho pia ipo."

Dada yako,
Jarmila