Wazee Wanne wa Shaba

Mama,

Jana baada ya adhuhuri nilisinzia kitini, nikakuona. Umekaa mkekani na mizani mbele yako, na wale wazee wako wanne wa shaba wamelala kwenye kitanga cha kushoto, weusi vilevile kama walivyokuwa. Midomo yako ilikuwa inacheza. Nikakuuliza unasema nini. Ulinyanyua kidole tu, kama zamani, nisikuvuruge. Nilipozindukana chumba kizima kilinuka udi, na mimi sijafukiza kitu tangu Ijumaa.

Ndiyo maana nakuandikia. Nina mengi ya kukulaumu na moja la kukuomba radhi, na hilo moja ndilo lililoniondolea raha.

Kwanza habari. Nimepewa nyumba Michenzani, kwenye yale majumba mapya marefu, ghorofa ya tatu. Ngazi hamsini na nne; nilizihesabu siku ya kwanza nikiwa na godoro kichwani. Jikoni mna mfereji, unafungua tu, maji hayo. Wateja wako wa udi wamenifuata hukuhuku. Wanapanda wakihema, na wakifika mlangoni wanapiga kelele, "Hodi, mwenye mbingu!" Udi wenyewe siku hizi ni wa kubahatisha, ukiupata unaufunga kama dhahabu. Kwa hiyo kijiti kimoja kikipungua, mtu anajua.

Sasa lawama. Miaka kumi na moja nilikaa ubavuni pako, Mama. Nilipika kashata nikauza, nikashona nguo za watu, cherehani nikainunua mwenyewe, hakuna aliyenipa hata uzi. Hesabu za kichwani mtaa mzima hapakuwa na wa kunishinda, na wewe ulikuwa ukiniita nikujumlishie. Lakini mizani hukunipa. "We mkono wako una haraka," uliniambia mbele za watu, wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mpaka siku zile za mwisho, hujiwezi kitandani, ndipo uliponisukumia kile kijisanduku. Vipande vinne vya shaba, jumla yake tola moja, kipimo chako cha udi. Na neno moja: "Hao wazee usiwaogeshe." Kwa nini, hukusema. Nilidhani ni mambo yako ya mizimu.

Mama, nimewaogesha.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mwalimu wa historia. Siku moja aliwaona, akawageuzageuza, akasema hivi si vyuma vya kupimia, hizi ni pesa, na uchafu ukitoka zitasomeka. Nikachukua ndimu, chumvi na jivu. Nilisugua kwa nguvu zangu zote, na nakiri nilisugua kwa hasira pia, kama mtu anayefungua mlango aliofungiwa miaka. Maji yakatoka meusi. Nikayamwaga mferejini, yakanuka udi, nikadhani ni mikono yangu.

Laiti ungewaona! Wekundu kama jua la asubuhi ukutani. Upande mmoja ngao na simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Upande wa pili herufi tatu zimepandana, V kubwa, O imening'inia mguu wake mmoja na C mguu wa pili, na chini mwaka, elfu moja mia saba na kitu, hicho kitu kimelika. Mwalimu akasema hiyo ni nembo ya kampuni ya Waholanzi. Kampuni ya biashara tu, lakini ilikuwa na merikebu zake, askari wake na pesa zake yenyewe, ikinunua pilipili manga, kungumanga na karafuu visiwa vya mbali huko mashariki. Ilikufa kabla bibi yako hajazaliwa.

Wiki nzima sikuacha kuwafikiria. Nikikoroga uji nawaona wanapita mkono kwa mkono, soko hadi soko, watu wanawatemea mate wanawafuta, wanawafunga pembeni mwa nguo, wanawasahau, mpaka wakaja kutulia kwako. Kampuni imekufa na wao hawakufa. Hela za juzi tu, zenye kichwa cha mfalme, leo ukizipeleka dukani unachekwa. Hawa hawanunui hata kashata moja, na bado walikuwa wanafanya kazi kila siku. Nilijiona nimekushinda. Nilijua kuwahusu jambo usilolijua wewe.

Kisha akaja Bi Mize wa Makunduchi. Unamkumbuka, yule wa kamba za makumbi, anayenunua tola moja kila anapomwoza mtoto. Alimwoza wa mwisho, Mwanahawa. Hakuja kugomba. Alikaa, akapumua zile ngazi, akanywa maji, ndipo akasema: "Mwanangu, tola ya mamako nnaigawa mafungu kumi na nne. Siku saba za fungate, asubuhi na jioni. Wanne nimewaoza hivyo, haijapunguka. Yako asubuhi ya siku ya saba tumefukiza makombo. Jioni chetezo kitupu. Biharusi kavaa kanga hazina harufu." Halafu akaongeza, akiangalia pembeni: "Nikasema labda mimi nimekosea kugawa."

Labda mimi nimekosea! Angenitukana ingekuwa nafuu.

Nikaenda kwa sonara nikaazima rupia ya fedha, ile ambayo uzito wake ni tola kamili. Rupia kitanga cha kulia, wazee kushoto. Rupia ikashuka, wazee wakabaki juu, wanang'aa. Nikatia mchele upande wao punje mojamoja, mpaka vitanga vikalingana. Punje hamsini na saba. Tola nzima nayo nikaipima kwa mchele uleule: mia tano na thelathini na mbili. Gawa kwa kumi na nne, kila fungu thelathini na nane. Hamsini na saba ni fungu moja na nusu. Jioni yote ya siku ya saba, na nusu ya asubuhi yake. Bi Mize hakukosea hata punje.

Nilikaa chini pale sakafuni. Ndipo nikakumbuka Alkhamisi zako: ubani unayeyuka kwenye kijiko, sindano mkononi, unamdondoshea huyu tone, yule tone, unaweka mizanini, unaondoa, unadondosha tena, na midomo inacheza. Nilikuwa nikinyamaza nikidhani unasoma dua. Kumbe ulikuwa unahesabu matone! Wazee walikuwa wamelika, na wewe ulikuwa unawarudishia walichopungukiwa ili watu wasipunjwe. Nami uaminifu wako wote nimeumwaga mferejini, nikaona nimefanya usafi.

Nimekasirika, Mama. Nimejikasirikia, lakini na wewe pia. Ungesema tu. Maneno kumi yangetosha.

Wateja tisa nilikuwa nimewapimia tangu siku ile ya ndimu. Wanane wako mjini, nimewapelekea haki yao kwa miguu, mlango kwa mlango, na kila mmoja nikamwambia sababu. Wawili walinisema, wakanisema vizuri. Wa tisa nilipanda gari mpaka Makunduchi. Bi Mize alikuwa barazani anasokota kamba. Nilipomfungulia kikaratasi akashika kiuno. "Loo! Umepanda gari toka mjini kwa kijiti hiki?" Akakinusa. Fungate imepita wiki tatu, biharusi mwenyewe yuko uani anachanja kuni. Bi Mize akamwita: "Mwanahawa! Nawa mikono, kavae kanga zako. Siku ya saba imefika, ilichelewa gari." Akafukiziwa pale, anacheka kwa haya, moshi unapanda polepole, na mimi machozi, nikasingizia moshi.

Wazee nimewachafua tena. Ubani, kijiko, sindano, rupia ya sonara pembeni. Simba haonekani tena, wala zile herufi. Nilipomaliza niligundua midomo yangu inacheza.

Lala, Mama. Mungu akupanulie ulipo, na lawama zangu nazikunja hapa pamoja na karatasi hii. Alkhamisi ijayo binti yangu akitoka skuli nitamkalisha mkekani, nimpe sindano yeye. Na nakuahidi, nitahesabu kwa sauti.

Mwanao, mwenye mkono wa haraka