Meza Penye Madhabahu

Mghoi mpwa wangu,

Pokea salamu za Deira, huku Dubai, ambako jua linakaanga mayai juu ya boneti za magari. Mimi mwenyewe nimekula mawili, yalikosa chumvi tu.

Nasikia mama yako amekataa kuhamia kwenye lile kanisa kuukuu mnaloligeuza kuwa nyumba, eti kwa sababu nilisema jiko likae penye madhabahu. Pale alibatizwa, pale akaolewa, sasa kaka yake anataka achemshie maharagwe palepale.

Basi jana mchana nilikuwa nakula biriani na Kato, Mganda ninayelinda naye hoteli hapa mtaa wa Rigga. Nikamsimulia ugomvi wa jiko na madhabahu, na kwamba nyumba yetu ina dari ambayo twiga anapita chini yake bila kuinama. Hakushtuka, maana kwao alikuwa katekista, mwalimu wa dini, na dari za makanisa anazijua. Akaniuliza, "Mzee, na dada yako ulimuuliza?"

Nikamwambia mimi ndiye mkubwa. Akacheka mpaka wali ukampalia. "Kwani madhabahu ni nini kama si meza? Wekeni meza ya kulia chakula hapo. Jiko mjenge nje."

Nilikuwa karibu kulisema hilo mwenyewe. Kwa hiyo mwambie fundi aachane na jiko, atengeneze meza ndefu, na mama yako achague kiti kabla ya mtu yeyote. Mimi niwekeeni changu upande wa mlangoni, nilikokuwa nakaa kila Jumapili nikichelewa ibada.

Nawapenda, hata mkinicheka.

Mjomba wako,
Mwadime