Baba Amepita Hapa Jana

Jumatatu, 15 Oktoba

Baiskeli ya baba haipo. Na baba hayupo!

Nilitoka asubuhi kwenda kuwasha kinu cha matufaha, nikakuta mlango wa banda wazi. Vidonge vyake vya moyo viko mezani. Kofia amechukua. Viatu amevaa vya Jumapili. Miaka hamsini, kila matufaha yakianza kukamuliwa, baba, Belarmino wetu, hupanda baiskeli akazunguka vinu vyote, akaonja maji yanapotoka, akasema hapa ongezeni matufaha machungu, hapa makali yamezidi. Neno lake ndilo linalofanya sidra, pombe ya matufaha ya bonde hili. Mwaka jana nilimzuia. Nikawaambia watu goti linamsumbua.

Goti! Mwezi wa nane aliniuliza mama amekwenda wapi. Mama tumemzika miaka tisa iliyopita.

Nimempigia Eladio, mwenye kinu cha Sariego. Yuko hapa, akasema, ameshaonja, sasa anakula maharage, mzima kama chuma. Nikasema — mjinga mimi! — nikasema tu, mwambie anisubiri. Sikusema kwa nini.

Gari halifai. Njia zake ni zile za ng'ombe, katikati ya kuta za mawe. Nimechukua baiskeli ya marehemu mama.

Jumanne, 16 Oktoba

Ameondoka. Bila shaka ameondoka!

Eladio alinipokea kwa kicheko. "Nélida, unamkimbiza mzee wa watu ya nini? Hana goti wala nini! Chupa nzima amemimina, hata tone halikuanguka. Mimi mwenyewe mkono unanitetemeka siku hizi."

Basi, ndiyo sisi. Kwetu mtu hapimwi na daktari. Anapimwa anavyomimina. Chupa juu ya kichwa, glasi chini pajani, macho mbele kama hayahusiki, na sidra inashuka uzi mmoja mwembamba hadi ukingoni. Anayeweza hivyo ni mzima, mwisho wa maneno. Na nisijifanye mjanja, mimi ndiye wa kwanza. Miezi kumi sasa kila asubuhi nampa baba chupa, namtazama. Akimimina vizuri najisemea, leo yuko sawa, daktari atangoja wiki ijayo. Na kila asubuhi anamimina vizuri! Mkono haujasahau kitu. Jina langu ndilo analolitafuta.

Senén amepiga simu kutoka mjini Oviedo. Kaka yangu, hodari wa kutoa amri akiwa mbali. Akafoka niwaite polisi. Nikawapigia. Wakauliza mzee ana maradhi gani. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema: goti.

Nimewaambia polisi baba yangu ana goti. Mungu anisamehe.

Jumatano, 17 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Pancha mbili kwenye mlima wa Cabranes. Ya pili niliizibia mvuani, nikilia kwa sauti, na ng'ombe wananitazama. Nilimlaani baba. Nilimlaani hasa! Kisha nikaogopa nisije nikawa nimemlaani maiti.

Kwa Oliva, yule mjane mwenye kinu karibu na kanisa, ndiko alikolala. Ameondoka muda wa saa mbili kabla sijafika. Saa mbili! Lakini Oliva hakucheka. Alinikalisha jikoni, akaniwekea bakuli la wali wa maziwa, akasimama mbele yangu.

"Mwanangu, jana baba yako alinimiminia, nikanywa, nikamrudishia glasi. Akamimina tena. Akaielekeza kwenye kiti kitupu. Akasema, 'Kunywa upesi, Herminia, povu linakufa.' Mkono umenyooka hivi, anangoja mama yako anywe. Tangu lini yuko hivi?"

Nikasema amechoka tu.

"Nélida. Nimekuuliza tangu lini."

Nikamwambia. Yote. Kwamba wanunuzi wanakuja kwa sababu ya ulimi wake. Kwamba niliona aibu. Kwamba niliona aibu kuliko nilivyoogopa — hilo sikuwahi kulisema hata kwako, daftari. Machozi yalidondokea kwenye wali.

Oliva hakunibembeleza. "Mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nimemfungulia lango kwa mkono wangu, nikamtakia safari njema! Ningejua, ningelilalia lango lile." Kisha akanisukumia simu yake. "Piga. Vinu vyote. Useme kama ulivyoniambia mimi."

Nimepiga vinu kumi na vitatu. Baba ni mgonjwa, akili yake inapotea, msimpe chupa, mshikeni. Mmoja alijibu, lakini mbona alimimina vizuri? Polisi niliwaachia mwisho. Hawakunigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Alhamisi, 18 Oktoba

Amepatikana! Yuko hai.

Amable, mwenye kinu upande wa Colunga, alipiga saa tatu asubuhi. Mzee amepanda kwenye ghala lake la mahindi, lile la mbao juu ya nguzo za mawe, amekaa ukingoni, miguu inaning'inia. Wakimsogelea anasimama. Wakisema washuke naye, anainama mbele. Nimeendesha kilomita ishirini bila kukumbuka hata moja.

Gari la wagonjwa limekwama nyuma ya matrekta ya matufaha, huko barabara kuu. Amable amekwenda kuwaomba wapishe.

Mimi baba ameniruhusu kupanda. Aliona baiskeli, akasema anayekuja kwa baiskeli si mtu mbaya. Nimekaa karibu naye, hatua mbili. Naandika kwa sababu mikono hii isipokuwa na kazi itamkamata, na nikimkamata ataruka. Nimemjua muda mrefu.

Amelowa hadi mifupa. Nilimpa kidonge chake cha moyo nilichokuja nacho, akanishukuru kwa adabu, akakitia mfukoni. Nikamwambia tushuke, baba, kuna baridi. Akasema hawezi, anamngoja binti yake.

"Ni mimi, baba. Nélida."

Akanicheka kidogo, bila ubaya. "Hapana, bibie. Wangu ana miaka saba. Amechukua baiskeli ya mama yake, miguu haifiki pedali, na mvua yote hii. Mtoto mkaidi huyo! Nikiondoka akanikosa, atafanyaje?"

Nikasema huenda ameshafika nyumbani. Akanitazama kwa hasira. "Una watoto wewe?" Nikasema sina. "Basi nyamaza."

Kisha akaona natetemeka, akavua koti lake akanifunika. Nilikataa, akanifunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Sasa amebaki na shati. Nikivua koti nimrudishie, anasogea ukingoni. Midomo yake imekuwa ya bluu, na barabarani sisikii gari lolote.

Anatazama njia ya Cabranes, ile niliyojia. Hashuki, anasema, mpaka nifike.