Asali ya Mguu wa Abubakar

Majoreni, 2 Juni 2024

Kwako Mwanarusi,

Asalaam aleikum. Hujambo, na watoto hawajambo? Huku sote wazima. Nimesikia mume wetu Abubakar ameunguzwa mguu na mashine ya boti, naye yuko kwako. Nimekutumia chupa ya asali ya mizinga yangu ya mikokoni. Mwonyeshe nesi kwanza. Akikubali, umpake Abubakar kidondani. Mimi niliungua mkono utotoni, mama akanipaka hivyo, na leo sina kovu.

Mke mwenzio,
Twaiba

Shimoni, 9 Juni 2024

Kwako Dada Twaiba,

Waaleikum salaam. Sisi hatujambo. Asali imefika, shukrani. Ninampaka, anaendelea vyema. Usijisumbue kutuma nyingine wala kuja. Zamu ni yangu, na mgonjwa ana mtu wa kumtazama.

Mdogo wako,
Mwanarusi

Msambweni, 14 Julai 2024

Dada Twaiba,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo haina raha.

Nilikudanganya. Asali yako niliimwaga chooni siku ileile. Abubakar aliinusa chupa akasema, "Hii ya Twaiba," akatabasamu vile ambavyo hajapata kunitabasamia mimi. Nikajiambia umeitia dawa ya kumvuta. Hata kwa nesi sikumpeleka. Nilimpaka dawa ya meno, nikitaka apone kwa mkono wangu.

Kidonda kikaoza. Jumatatu alipandwa na homa, nikamkimbiza hospitali hapa Msambweni. Unajua nesi alikifungia nini? Asali, ile iliyosafishwa kwa vidonda. Nililia, akadhani ninaogopa usaha.

Daktari anasema mguu haukatwi, ila atachechemea. Abubakar hajui kitu; nilimwambia nesi aliikataa asali. Ukitaka kumwambia, mwambie.

Mdogo wako,
Mwanarusi

Majoreni, 16 Julai 2024

Mwanarusi,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara mbili nilishika kalamu nikutukane.

Sitamwambia. Asali yangu haikuwa na dawa yoyote, wallahi. Lakini sikuituma kwa ajili ya kidonda tu. Nilijua ataijua kwa harufu, na nilijua utakuwa umesimama hapo akiinusa. Nilitaka ikuume. Ikakuuma, na aliyeumia ni yeye.

Kesho ninakuja wodini. Nikifika usiondoke. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, mguu huo utataka watu wawili, mmoja wa kuushika na mmoja wa kuufunga.

Dada yako,
Twaiba