Salamu za Krismasi Redioni

Nsemulwa, Mpanda
9 Januari 1996

Baba Audace,

Sisi huku wazima, Audace kikohozi kimemwachia.

Krismasi tulikula kwa Mama Kasilda, jirani. Redio ikasoma kadi yako ya salamu: "Namsalimia mke wangu Specioza, niliye naye hapa Tabora." Watu wote wakaacha kula. Mama Kasilda akaniambia, "Kula, mwanangu, unanyonyesha."

Nami nimetuma kadi yangu, isomwe Pasaka. Inawatakia heri wewe na Specioza, kutoka kwangu mkeo wa ndoa, mwanao Audace, na mdogo wake ambaye hujamwona. Ulitaka mtoto wa kiume apewe jina la baba yako. Nimembatiza Zakayo, jina la baba yangu. Siku ya Pasaka washa redio, mlisikie jina hilo wote wawili.

Mkeo wa kanisani,
Vestina